Msiba Uliosubiri Sahihi

Miaka kumi na minne nilikaa nje ya mlango wa Mkurugenzi wa Utawala wa taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, na mpaka leo wapo wanaoniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Wanaouliza hivyo huwa wameshajijibu, wanataka tu nitie chumvi tucheke pamoja. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wake. Huwa nawaambia alikuwa mpweke kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na kwamba sisi tulichangia. Hapo hawacheki tena.

Tulimwita Mama Dokezo, akiwa hasikii. Dokezo ni yale maelezo ambayo wakubwa huandikiana ndani ya faili, nini kifanyike na nani akifanye. Ya kwake yalikuwa mafupi na hayakuwa na kona. Watafiti wetu walikuwa na shahada za kutisha, lakini hakuna aliyepata hata boksi la glavu bila sahihi yake. Nimewaona madaktari bingwa wakinyong'onyea kwenye benchi langu wakisubiri faili litoke, na sisemi uongo, nilifurahi kidogo.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na dada yake mkubwa tu, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha kwa cherehani. Kila siku saa saba mchana dada huyo alipiga simu. Mkurugenzi alifunga mlango, na kwa dakika kumi nikawa nasikia sauti ya mtu nisiyemjua: anacheka, anabisha, anaulizwa kama amekula na anadanganya kwamba amekula. Mlango ukifunguliwa, uso umesharudi kazini.

Sasa, alikuwa na utaratibu wake wa magari ya misiba, nao haukutoka hewani. Katika mwaka wake wa tatu, gari la mradi wa malaria lilichukuliwa kupeleka watu kumzika shemeji wa mtu wa stoo. Walipanda kumi na moja, wakakaa siku tatu, wakarudi na magunia ya mkaa. Siku hizo tatu zahanati moja ya mbali ilikuwa na damu za watoto mia mbili kwenye masanduku ya barafu, zikisubiri gari hilohilo. Barafu ikayeyuka, damu ikaharibika. Watafiti wakaanza kutupiana mpira. Yeye akaenda huko mwenyewe, akasimama mbele ya akina mama, akawaambia kosa ni letu na watoto itabidi wachomwe tena sindano. Mama mmoja alimrushia kadi ya kliniki usoni. Aliiokota akamrudishia. Dereva ndiye aliyenisimulia, maana yeye mwenyewe hakulisema kamwe.

Aliporudi aliandika waraka. Gari la kwenda msibani litoke kwa sahihi yake tu, lipakie watu watatu, lirudi siku hiyohiyo. Hakuna kukaimu, hata naibu wake haruhusiwi. Watu walinuna, lakini damu haikuharibika tena, na hakuna mfiwa aliyeachwa peke yake. Faili za misiba niliziandaa mimi. Alizisaini haraka kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi mmoja wa wale watatu alikuwa yeye.

Jumatano moja, saa kumi na mbili asubuhi, alinipigia simu nyumbani.

"Dada yangu amefariki jana. Niko njiani naenda. Mazishi ni Ijumaa saa nane. Waambie wenzako."

"Pole sana, mama. Nitawaambia."

"Waambie," akarudia, kisha akakata simu.

Yule mama hakuwahi kumwomba mtu hata glasi ya maji. Lile neno la pili lilikuwa ombi, nami nililielewa vizuri kabisa. Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma mpaka leo.

Nilifika ofisini nikafanya nilichozoea kufanya. Nilifungua faili nikaandika: naomba idhini ya gari na ujumbe wa watu watatu kuhudhuria mazishi ya dada wa Mkurugenzi wa Utawala. Nikaliweka mezani kwake, kwenye trei ya faili zinazosubiri sahihi, nikarudi kukaa. Mnaotaka kucheka, chekeni. Tulikuwa watu wazima wenye akili zetu.

Mchana dereva alichungulia. "Dada, ya bosi imeshasainiwa?"

"Bado."

"Mimi gari nimeshaliosha. Nikipata sahihi tu, naondoka."

Nilimfuata naibu wake. Akanitazama kama niliyemletea sumu kwenye kikombe. "Wewe unanitakia mema kweli? Nitoe gari bila sahihi yake, akirudi unga wangu umwagike?"

"Lakini ni msiba wake yeye, mzee."

"Hapo ndipo penye hatari. Atasema tumejificha kwenye msiba wake ili tuvunje waraka wake. Tungoje, huenda akapiga simu."

Hakupiga. Na sisi kumpigia mfiwa, tumwulize kama anaruhusu tuje kumzika dada yake, nani angethubutu? Alhamisi ikapita tukiulizana kwenye korido kama karatasi imesainiwa.

Ijumaa saa tano asubuhi simu ya ofisini ililia. Alikuwa binti wa marehemu, mwanamke mtu mzima, sauti imekauka kwa kulia.

"Shikamoo, mama. Mama mdogo anauliza mmefika wapi. Amesimama barabarani anawasubiri, anaogopa msije mkapitiliza kona ya kuingia nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tunashughulikia."

Hilo ndilo jibu tunalowapa watu ambao faili lao limekwama. Lilitoka lenyewe.

"Haya, mama. Viti vyenu tumeviweka mbele."

Basi la kwenda huko lilikuwepo Jumatano, lilikuwepo na Alhamisi, na nauli nilikuwa nayo. Hilo sitaki kulificha. Lakini nikiondoka peke yangu ningekuwa mtoro kazini, na ruhusa ya kutoka nayo ilisainiwa na yeye. Niliwaza hivyo kweli, mimi, mama wa watoto wanne niliyezika wazazi wote wawili.

Jumatatu aliingia saa moja na nusu, kama siku zote. Nikasimama kumpa pole. "Nimeshapoa," alisema, akapita. Nikasikia kiti, nikasikia karatasi. Kisha akaniita.

Faili lilikuwa wazi mbele yake.

"Hili liliingia lini?"

"Jumatano, mama."

"Likawa linanisubiri mimi."

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea anikaripie, tena ningeshukuru. Lakini alikaa akiitazama ile karatasi, macho mekundu, na nikaona jinsi alivyo mdogo kwenye kiti kile kikubwa.

"Na mimi nikadhani hamkutaka kuja," alisema.

Nilitaka kumshika mkono. Miaka yote ile sikuwahi kumshika mkono, na hata siku ile sikuweza. Akachukua kalamu, akasaini, akaandika tarehe ya siku hiyo.

"Gari lipo?"

"Lipo, mama."

"Nendeni leo. Watoto wa dada bado wako nyumbani. Wakiwauliza lolote, itikieni tu."

"Twende wote, mama."

"Nikienda nanyi watajua nimewaleta mimi."

Tulikwenda watatu: naibu, dereva na mimi. Njia ilituchukua muda wa saa nne. Binti wa marehemu alitupokea mlangoni, akatushika mikono mmoja mmoja, akatuingiza ndani.

"Poleni sana na nyie," alisema. "Mama mdogo alisimama mbele ya watu wote pale kaburini akatueleza. Kwamba mlikuwa mnakuja ofisi nzima, na gari likawafia njiani, na mlilia kwenye simu mlipojua hamtawahi."

Naibu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Tulifarijika," binti akaendelea. "Marehemu mama alikuwa na wasiwasi naye siku zote, anasema huyu mdogo wangu kule mjini hana mtu. Kumbe ana watu wanaompenda hivi." Akatusogezea viti. "Gari limeshatengemaa lakini?"

Wenzangu wakaniangalia mimi.

"Limetengemaa, mwanangu," nikasema.