Kamba Ndani ya Dohani

Kwetu Morogoro moto ulikuwa wa kupikia tu. Kuota moto sebuleni saa nane mchana, umevaa sweta na soksi, nimekujulia huku Tukuyu baada ya kuolewa. Nyumba yetu ipo Makandana, ya matofali ya kuchoma, na ina dohani. Wengi hapa husema chimni. Baba mkwe wangu alikuwa fundi mwashi, aliijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Mwaka tuliofunga ndoa alimwachia mwanawe nyumba hiyo, yeye na mama mkwe wakahamia kijumba cha nyuma, ng'ambo ya migomba. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani.

Hakukuwa na ugomvi wowote. Ni mila ya Wanyakyusa, na yule mzee aliishika barabara: baba mkwe na mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, hawaangaliani usoni, hawasemeshani, wala hawakai chini ya paa moja. Mimi nisiyejua kitu, wiki ya kwanza nilimwona njiani nikamkimbilia, "Shikamoo baba!" Weee! Mzee aliruka mtaro akapotelea migombani. Nililia siku nzima nikidhani ananichukia. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Anakuheshimu, mwanangu," akasema. "Angekuwa anakudharau angesimama."

Na mimi nilivyo na mdomo! Miaka mitatu niliishi na mtu ninayemjua kwa kikohozi tu. Alikohoa kabla ya kukata kona ya nyumba, nami nikaingia ndani haraka. Baadaye nikitoka nakuta alama za gambuti zake kwenye tope, zimeanza kujaa maji.

Halafu nikapata mtoto, na mwezi wa sita ukaingia. Mwezi wa sita huku ukungu hushuka mpaka kizingitini. Ukifungua mlango unaingia nao. Migomba huonekana nusu, ng'ombe wa jirani husikika kengele tu bila mwili. Siku zile nikizikumbuka sina hakika zipi niliziishi na zipi niliziota. Ninachokumbuka vizuri ni kifua cha mwanangu, jinsi kilivyokuwa kikikoroma kila akivuta pumzi.

Mume wangu alikuwa safarini, anaendesha lori la ndizi kwenda Dar. Nikawa nawasha moto kutwa, na moshi ukawa haupandi, unarudi sebuleni. Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilikuwa nachoma milingoti, mikaratusi ya huku, mibichi iliyokatwa juzi, inayotoa povu kwenye ncha. Moshi wa kuni mbichi ni mzito. Ukikutana na tofali baridi hugandia hapo, ukawa lami. Na tangu niolewe dohani haijasafishwa hata mara moja, kwa sababu aliyejua kuisafisha hawezi kuingia kwangu.

Mama mkwe akaja na ujumbe. "Mzee anasema moshi wako unatokea madirishani, juu hautoki kitu. Usiwashe tena. Lami ile ikishika moto, paa linaondoka na nyinyi."

Jamani, nikachanganyikiwa. Nikiwasha, mtoto anakabwa na moshi. Nisipowasha, baridi inammaliza.

Kesho yake mzee akaamua kupanda. Kazi ile inataka watu wawili: fungu la matawi ya msonobari limefungiwa jiwe katikati, lina kamba juu na kamba chini, mmoja yupo juu ya paa, mwingine mekoni, wanavutana. Wa chini alikuwa awe mama mkwe. Asubuhi hiyohiyo ikaja simu ya msiba kutoka Kinyala, na msiba haungoji. Akanielekeza akiwa anajifunga kitenge: "Akitikisa mara moja, vuta. Mara mbili, legeza. Maneno hayatakiwi."

Nikamlaza mtoto chumbani, nikamzungushia mablanketi, nikafunga mlango. Nikatundika gunia bichi mbele ya meko, nikaingiza mkono nyuma yake. Mabati yakalia juu yangu, kisha kamba ikashuka.

Ikatikisika mara moja. Nikavuta. Masizi yakamwagika kama mchele kwenye ungo, kisha vipande vya lami vyeusi vinavyong'aa. Mara mbili, nikalegeza. Ndivyo tulivyoenda, yeye na mimi, ndoo moja, ndoo ya pili, bila neno. Sikuwahi kushika kitu kimoja na yule mzee, na nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtoto.

Mara kamba ikanyamaza.

Nikatikisa. Kimya. Nikatikisa tena. Nikafikiria mabati yenye utelezi, manyunyu, na umri wake. Mila ikanitoka kichwani. Nikatupa gunia pembeni, nikaingiza kichwa dohanini, na juu kabisa nikaona kipande cha mbingu ya kijivu, kidogo kama kisahani.

"Babaaa!"

Kisha sauti ikashuka, nzito, ya karibu kuliko nilivyotegemea.

"Nipo, mwanangu. Ni pumzi tu. Uzee huu. Mtoto bado anakohoa?"

"Anakohoa, baba."

"Basi tumalize."

Tukamaliza. Akaniambia nichukue kuni za barazani. Mwaka mzima alikuwa akizipanga pale mvua isipofika, nami nilidhani ni zake. Nikawasha vijiti vichache.

"Moto unavuta?" akauliza kutoka juu.

"Unavuta, baba."

Moshi ulipanda wima, hata pua yangu haikuupata. Nikamleta mtoto, nikakaa naye karibu. Kifua kikatulia taratibu, akalala mdomo wazi. Nami nikakaa nangoja gambuti zishuke. Dirishani niliona ngazi, miguu yake miwili ya mti ndani ya ukungu, na hakuna aliyeshuka.

Mama mkwe akarudi kutoka msibani. Nikamsikia uani akimfokea mumewe kwa Kinyakyusa, ambacho kufikia hapo nilikuwa nakielewa kiasi: mvua yote hii, unafanya nini huko juu?

"Nimeegemea matofali," mzee akajibu. "Naota moto."

Sikumwita tena. Nikaongeza kuni.