Chai Iliyoenda Mombasa Ikarudi

Pakiti ilifika Kapsoit kwa basi, imefungwa kwa gazeti na utepe mwingi kuliko ilivyohitaji. Ndani mlikuwa na chai nyeusi, kiasi cha kujaza vikombe viwili hivi, na kikaratasi: "Hii ni ya kiwanda chenu. Usiweke maziwa."

Aliyeituma ni rafiki yangu wa chuoni. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii, wakaja kuchuna chai kwenye shamba kubwa la kampuni, na yeye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, juu ya kilima, kwenye kishamba cha mama yangu. Tulikutana katika chuo cha ufundi, kozi ya teknolojia ya chakula, na tukagundua kwamba tulikua tukitazama malori yale yale yakiteremka.

Hapa kwetu kila mtoto anajua safari ya chai. Unachuna, karani anapima, lori linapeleka kiwandani, kiwanda kinasaga na kukausha, kisha magunia yanakwenda Mombasa kuonjwa na kuuzwa. Nilipokuwa darasa la tatu niliandika jina langu kwenye kipande cha karatasi nikakificha katikati ya majani mabichi, nikitaka angalau jina langu lifike huko. Mama alikiona kwenye kituo cha kupimia majani, akakitoa mbele ya karani, akaniuliza kama nataka kusagwa ninywewe na wazungu. Watu walicheka. Mimi niliendelea kutazama lori mpaka likapotea kwenye kona.

Mwaka wetu wa mwisho chuoni, mwalimu wa maabara, ambaye sote tulimwita Madam, aliingia darasani na tangazo. Kampuni moja ya waonjaji chai Mombasa ilikuwa inachukua vijana wachache kutoka vyuo vya nchi ya chai kwa mafunzo ya miezi sita. Walitaka barua ya ukurasa mmoja na matokeo ya mitihani, na tulikuwa na wiki mbili. Madam si mtu wa hotuba. Alisema, "Mmekunywa hii chai tangu mzaliwe na hamjui ladha yake. Nendeni mkaijue."

Rafiki yangu aliandika yake siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, kwenye benchi nje ya kantini, karatasi ikiwa na alama ya mafuta ya chapati kwenye pembe. Aliipiga picha kwa simu. Kabla hajaituma nilimwambia, kwa upole nilioudhani ni wa rafiki, kwamba ilikuwa nusu ukurasa tu na haikueleza lolote.

"Wameuliza kwa nini nataka kwenda," akasema. "Nimewaambia sijawahi kufika, na nataka kujua. Niongeze nini, chumvi?"

Akatuma, akarudi kwenye maharagwe yake.

Mimi niliandika yangu mara kumi na moja. Najua idadi kwa sababu nilizihifadhi zote, na bado ninazo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, nikibaki maabara wenzangu wakishaondoka, na nilikuwa na fahari ya kijinga juu ya jinsi kurasa zangu zilivyopangika. Katika barua ya nne nilieleza udongo wetu. Ya saba ilianza na mama. Ya nane nilimwondoa mama, kwa sababu nilihisi ninamtumia kuomba huruma, na ya tisa nikamrudisha, kwa sababu bila yeye nilisikika kama mtu aliyezaliwa na tangazo. Kila nilipoisoma niliwaona watu wa Mombasa wakiishika kwa vidole viwili na kutazamana.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba ningechuna sehemu ya juu ya shamba, ambayo ilikuwa imefika siku yake. Chai ina mzunguko wake: baada ya siku saba, nane, kumi ukichelewa sana, unarudi kwenye kichaka kile kile. Ukipitisha hapo majani yanakuwa magumu na karani anayatupa. Nilimwambia mama nimalizie barua kwanza, nitapanda juu nikishaituma.

Saa kumi nilikuwa bado kwenye sentensi ya kwanza. Saa kumi na moja kasoro dakika tano nilikuwa na barua ambayo mtu yeyote angesema ni nzuri, kidole kikiwa juu ya kitufe, mtandao ukiwa safi kabisa. Nilisoma mara moja zaidi. Neno moja katikati halikunipendeza. Nilipolibadilisha na kuinua macho, saa ilikuwa imepita kwa dakika mbili.

Sikulia. Nitakiri jambo baya zaidi: nilihisi nafuu. Hakuna ambaye angeisoma.

Shamba la juu sikulifikia siku hiyo, wala Jumamosi, maana nililala nikidai naumwa na kichwa. Jumapili hatuchuni. Jumatatu mama alipanda peke yake. Nilimkuta akiyakata majani yaliyokomaa kwa kisu na kuyaacha yaanguke kati ya mistari, kichaka baada ya kichaka, ili machipukizi mapya yapate nafasi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama barua ilikwenda. Nikasema ilikwenda.

Na ukishasema ilikwenda, siku moja lazima useme jibu. Rafiki yangu alipochukuliwa, nilimwambia mama, na Madam, na yeye mwenyewe, kwamba mimi walinikataa. Mama aliwakasirikia watu wa Mombasa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila chai ilipotajwa redioni alisema, "Hao, wanajua nini." Aliwaombea msamaha kanisani, lakini kwa sauti ya mtu ambaye bado hajawasamehe.

Miaka miwili ikapita. Rafiki yangu alimaliza miezi yake sita wakambakisha kazini. Alinipigia simu mara kwa mara. Aliniambia kwamba wanaonja vikombe vingi kwa mfululizo, wakitembea kando ya meza ndefu, wakivuta chai kwa kijiko kwa kelele kama ng'ombe mtoni, kisha wanaitema. "Mama yako angetufukuza jikoni," alisema. Alisema anaweza kufumba macho akajua chai ya Sotik na ya kwetu, kwamba yetu ina kitu cha mbele ya ulimi ambacho hajui kukiita. Baada ya simu hizo nilikuwa nasimama nje nikitazama vilima, kijani juu ya kijani, na kuvitamani kana kwamba niko mbali navyo. Yeye alikuwa mbali na alivijua kuliko mimi.

Kazi yangu sasa iko saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, hapa Kapsoit. Nawaandikia watu barua za kuomba kazi, vyuo, mikopo ya masomo. Nawatumia kwa dakika kumi. Wengine wamepata. Wameniletea soda.

Mwezi uliopita Madam alinipigia. Tangazo la Mombasa limetoka tena, na safari hii hata waliomaliza ndani ya miaka miwili wanakubaliwa, kwa hiyo kwangu ilikuwa mara ya mwisho. Aliniomba nije niongee na wanafunzi, niwatie moyo. "Wewe walikukataa na hukuvunjika," akasema. "Hao wangu wanaogopa hata kuuliza."

Nilitayarisha hotuba kwa siku tano. Ilikuwa nzuri. Nilisimama mbele ya maabara ile ile nikaanza kuisoma, kwamba dunia ni pana, kwamba nafasi haimjii aliyekaa, na nikasikia sauti yangu ikiwa imenyooka kama shati la kukodi. Nikaiweka chini karatasi. Nikawaambia kuhusu barua kumi na moja, dakika mbili, na majani magumu ya mama. Sikumtazama Madam.

Msichana aliyekaa karibu na sinki aliinua mkono. "Na ya mwaka huu, dada, umetuma?"

Nikasema iko kwenye simu.

"Umeiandika mara ngapi?"

"Sita." Walicheka, na mimi kidogo.

"Inafungwa lini?"

"Kesho."

"Basi tuma tukiona."

Nikasema mtandao wa hapa huwa unasumbua. Kijana wa nyuma akainua simu yake juu. "Uko sawa, dada. Iko full." Darasa lote likaguna.

Niliifungua. Niliona papo hapo aya ya pili ilivyo ndefu mno. Nikabonyeza. Hakuna aliyepiga makofi. Msichana wa sinki alisogea ubaoni akapiga picha tangazo, na wengine wawili watatu wakamfuata. Madam alikuwa ameshika chupa ya maabara akiifuta, ingawa ilikuwa kavu.

Jioni hiyo nilichemsha maji, nikafungua pakiti ya rafiki yangu, nikamwekea mama kikombe bila maziwa na kumwambia kila kitu.

"Miaka miwili," akasema, "nimewakasirikia watu ambao hata barua hawakuiona."

Akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali.

"Hii ni yetu?"

"Ni yetu. Ilienda ikarudi."

Akasukuma kikombe kuelekea kwenye sufuria ya maziwa.

Hawajajibu bado. Simu nimeifunga kwa mfuko wa nailoni, iko ndani ya aproni, na naitazama kuliko inavyostahili. Jana tukiwa shamba la juu mama aliniuliza, mara moja tu, kama kuna habari. Nikasema bado. Chini yetu lori lilikuwa linapinda kona.

"Basi chuna," akasema. "Huku leo ni siku ya nane."