Kengele ya Wezi

Mpaka leo nikisikia mtu anasifu usalama wa nyumba yake, damu inanichemka. Nimezurura miji mingi nikiendesha magari ya watu, lakini hasira yangu imebaki kwenye villa moja ya mtaa wa Abu Hamour, huko Uarabuni.

Bosi alipenda vitu vya Uingereza ya kale, enzi za wafalme walioitwa George. Aliagiza huko mlango mzima: mbao nzito, kufuli kubwa kama tofali, na juu yake kengele ya shaba. Alinieleza kwa fahari kuwa Waingereza wale waliogopa sana wezi. Mlango ukitikiswa, kengele inaamsha nyumba nzima. Madirishani akaweka nondo.

Ufunguo ulikuwa mmoja, mkobani mwa madam, mkewe bosi. Wakitoka, walimfungia ndani dada wa kazi, Mkenya. Mimi nililala chumba cha uani.

Ijumaa moja alasiri bosi aliendesha mwenyewe, wakaenda Al Wakrah kwa ndugu zao. Nilikuwa naosha gari la pili kengele ikalia. Mwizi! Nikakimbia. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa unatikiswa kutoka ndani.

"Kaka, AC imeshika moto! Moshi imejaa huku!"

Nikampigia madam kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. "Samahani madam, naomba..."

"Usiguse mlango. Tunakuja."

"Wewe Mtanzania!" dada akafoka huku akikohoa. "Hata moto unauomba samahani? Vunja!"

Nikachukua mpini wa jeki nikapiga ubao wa chini mpaka ukapasuka. Akatoka akitambaa, uso mweusi kwa masizi. Nikakata umeme, nikauzima moto kwa mpira wa kuoshea gari.

Bosi alipofika alipapasa ubao uliopasuka kabla hajamtazama yule dada. "Unajua mlango huu una umri gani?" akaniuliza.

Nyumbani kwetu Tanga mlango ulikuwa na komeo la mti tu, na lilikaa upande wa ndani. Aliye ndani ndiye aliyeamua kufungua. Sikuwahi kulikumbuka komeo lile kwa uchungu kama siku ile.

Fundi akabandika ubao mpya. Nikaomba ufunguo wa pili uwekwe jikoni.

"Akitoroka?" madam akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaacha kazi. Mkataba wa dada ulikuwa bado haujaisha, hakuwa na pa kwenda. Asubuhi ya kuondoka nilimpa mpini wa jeki, akauficha chini ya godoro.

"Na wakiutafuta?"

"Waambie wezi waliingia."