Nani Kamuua Bwana Mlango Sebuleni Kwangu?

Jumanne iliyopita, saa saba na dakika arobaini mchana, nilifungua mlango wa nyumba yangu nikakuta maiti sebuleni.

Msipige kelele kwanza. Maiti yenyewe ilikuwa kwenye TV.

Alikuwa Bwana Mlango. Kalala chali, mlango wake wa chuma umemwangukia kifuani, na juu yake maandishi ya dhahabu yanasema USHINDI.

Nikaweka begi la vifaa chini taratibu. Nikatoka nje, nikaingia tena, nikidhani labda nimekosea nyumba.

Kwa msiojua, Bwana Mlango ndiye bosi wa mwisho wa gemu inayoitwa Mlinzi wa Daraja. Ni jitu refu kama nguzo ya umeme. Mkono wa kushoto limebeba mlango wa chuma kama ngao, wa kulia limeshika nyundo. Gemu inakuhesabia mara ulizokufa, na mpaka asubuhi hiyo mimi nilikuwa nimekufa mara mia mbili na kumi na mbili.

Mia mbili na kumi na mbili! Wiki tatu nzima jitu linanifagia tu.

Leo limekufa, kwenye faili langu, kwa jina langu, wakati mimi mwenyewe nilikuwa kazini nimeingiza kichwa ndani ya friji ya bucha. Mimi ni fundi wa mafriji.

Mke wangu ni nesi, alikuwa zamu ya mchana. Na hata angekuwepo, yeye kontrola ya gemu anaitumia kukandamizia pazia lisipeperuke.

Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu. Baba mkwe. Naye alikuwa chumba cha wageni, mlango kaurudishia, anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Sasa huyu mzee lazima niwaeleze.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Amesimamia mitihani ya taifa miaka thelathini na moja. Paa la nyumba yake lilikuwa linabadilishwa, ndiyo akaja kukaa kwetu. Ni mtu wa maneno machache. Siku ya harusi wazee wenzake walininasihi mpaka miguu ikafa ganzi, yeye alinivuta pembeni akasema kitu kimoja tu.

"Kijana, kukosa kwako mali hakunisumbui. Nisichokivumilia ni mtu wa kuandika jina lake kwenye jibu la mwenzake."

Nilidhani ni uchovu wa sherehe. Lakini tangu siku ile nikimwona najikagua kama nimevaa shati upande sahihi.

Kucheza gemu mbele yake? Thubutu! Mume wa mtu, kaptura, natukana majitu, mkwe ananiangalia? Kwa hiyo nilikuwa nacheza mapumziko ya mchana, yeye akiwa amelala. Sauti nazima kabisa, nakufa kimya kimya.

Jambo la pili mnalotakiwa kujua ni kwamba mimi ni mchambuzi. Tuna kundi letu mtandaoni, Vidole Vigumu, watu elfu nne na ushee. Nikimaliza gemu naandika mapigano yake yakoje, watu wanasoma, wanabishana, wananiita mwalimu. Kwa miaka mitatu hiyo ndiyo heshima yangu mjini. Kwenye mafriji hakuna anayenipigia makofi.

Mwezi huu nilikuwa nimeshamaliza mbili. Ya kwanza, Ngumi za Ghorofani. Unapanda ngazi ghorofa ishirini unawatandika wapangaji wakorofi. Mapigano matamu ajabu, ubonyeze chochote mtu anatoka dirishani. Nikaipa tisa kwa kumi.

Ya pili, Panga Mbili. Upanga mwepesi kushoto, mzito kulia. Ukibonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, shujaa anazunguka kama feni halafu anaanguka. Nikaandika kwamba gemu ni mbovu, walioitengeneza wakapumzike.

Hapo ndipo akajitokeza tena mtu mmoja anayejiita Dakika Tano.

Huyo mwaka mzima kazi yake ilikuwa kunikosoa mimi. Haweki picha, hasalimii. Akaandika: "Panga Mbili si mbovu. Mwepesi ni wa kuuliza, mzito ni wa kujibu. Mchambuzi anajibu kabla hajaulizwa."

Watu mia nane wakaweka vicheko. Nilimchukia yule mtu bila kumjua sura.

Basi turudi sebuleni, mbele ya marehemu.

Mtu mwenye akili zake angeuliza nani kamuua. Mimi nilichomoa simu nikapiga picha.

Nikaposti: "Bwana Mlango hayupo tena duniani. Nimemmaliza leo. Mbinu: hasira."

Aisee! Pongezi zikamiminika mpaka simu ikapata moto. Mnene, kiongozi wa kundi, akaniandikia "mfalme" mara tatu. Nikajiona kidume.

Dakika Tano naye akaja. "Hongera. Ulimpiga wapi?"

Nikajibu: "Kila mahali."

Akaandika: "Jumamosi tuoneshe."

Kundi zima likadaka. Jumamosi! Jumamosi! Mnene ana ukumbi wake wa gemu, akapanga saa nne asubuhi, wanaoweza wafike, wengine watarushiwa moja kwa moja. Halafu akakumbusha sheria ya kundi: anayejitapa kwa ushindi usio wake anaondolewa, na uchambuzi wake wote unafutwa.

Miaka mitatu yangu ifutwe.

Jumatano nilijifanya naenda kazini kama kawaida. Saa nne nikarudi, nikanyata, nikachungulia dirishani.

Nusura nianguke kwenye ndoo ya maua.

Baba mkwe alikuwa kwenye kochi, mgongo wima, miwani puani, kontrola kwenye magoti. Anapigana na Bwana Mlango upya. Na hana haraka hata kidogo! Jitu linarusha nyundo, yeye anasogea hatua moja. Anachoma mara moja, anasubiri. Jitu linarusha tena, anasogea, anachoma.

Anaongea nalo kwa upole. "Haya. Jaribu. Nimekuona, kaa chini."

Likaanguka. Mzee akafuta miwani.

Mimi nilikuwa nikibonyeza kama mtu anayeua sisimizi. Kumbe mchezo wenyewe ni kutulia!

Nikazunguka mlangoni, nikakohoa mara mbili kama mkwe mwema. Ndani nikasikia mto wa kochi ukihamishwa kwa fujo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Nimesahau bisibisi."

"Aha."

"Baba hujambo lakini?"

"Sijambo. Joto tu."

Tukakaa. Kwenye TV maandishi ya USHINDI yanawaka, muziki unapigwa, maiti iko chali. Sisi tunaangalia ukuta. Kontrola imetokeza chini ya mto, upande aliokalia mzee.

Nikaona aibu kwa niaba ya jitu.

"Baba, huyo bwana hapo..."

"Yupi?"

"Huyo aliyekufa."

"Aha, huyo." Akavua miwani. "Alijitakia mwenyewe."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo. Mwaka mzima wa ukwe, hicho kilikuwa kicheko chetu cha kwanza.

"Baba, unampigaje?"

Akasogea mbele kwenye kochi kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Mwizi wa mtihani hutamjua kwa macho. Macho yanajifunza kudanganya. Mtazame bega. Kabla shingo haijageukia karatasi ya jirani, bega limeshatangulia. Huyu naye ni vilevile. Bega la kushoto likishuka, nyundo inakuja. Wewe unaangalia nyundo ndiyo maana unakufa."

"Umejuaje nakufa, baba?"

"Gemu imeandika. Mia mbili na kumi na mbili."

Nikatamani sakafu inimeze.

Nikamwomba anifundishe. Nikamwambia kuna jamaa zangu wa kundi wanataka kuona Jumamosi jinsi jitu linavyouawa.

Akaniangalia. "Na wanajua aliyemuua ni nani?"

"Wa... wanajua, baba."

Macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa yametua begani.

Alhamisi na Ijumaa, mapumziko ya mchana, nikawa mwanafunzi. Mzee alikunja gazeti, nikibonyeza kabla ya wakati ananigonga kidole na kusimamisha gemu kabla sijafa. Katikati ya mafunzo akawa anatoa na maoni yake. Ngumi za Ghorofani ni mapigano ya watu wasio na mpango, anasema, mtu yeyote akipanda ngazi anashinda. Panga Mbili anaipenda. Mwepesi ni wa kuuliza, mzito ni wa kujibu.

Nikatikisa kichwa nikasema kweli baba. Hata kengele haikulia kichwani. Kichwa kilikuwa kimejaa mabega.

Jumamosi asubuhi natoka, namkuta mzee mlangoni, koti kavaa, kofia kavaa.

"Twende."

"Baba, kule kuna kelele..."

"Nimesimamia vyumba vya watoto mia. Twende."

Ukumbi wa Mnene ulifurika. Picha ilirushwa ukutani, Bwana Mlango akawa mkubwa kama nyumba. Mzee akapewa kiti cha mbele kabisa, akakaa, akakunja mikono.

Nikafungua faili langu kwenye mashine ya Mnene, nikaanza. Bega likashuka, nikasogea. Nikachoma. Bega, sogea, choma. Mikono ilikuwa inatii. Uhai wa jitu ukapungua, ukapungua, ukabaki kamstari kadogo. Bado pigo moja.

Jama, nilikuwa naliua kweli! Kwa mkono wangu mwenyewe!

Mnene akapaza sauti, "Na hivi ndivyo ulivyomuua Jumanne, mfalme?"

Ni swali la kawaida tu. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikamwona mzee kwa pembe ya jicho. Alikuwa haangalii ukuta. Alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi nikahisi kabisa, bega langu la kushoto linashuka lenyewe.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Hapana," nikasema. "Jumanne sikumuua mimi. Nilimkuta amekufa, nikapiga picha."

Vichwa vyote ukumbini vikanigeukia.

Tatizo ni kwamba sikusimamisha gemu. Wakati nakiri, Bwana Mlango aliinua nyundo akanitandika utosini. Ukutani ikaandikwa: UMEKUFA. MARA 213.

Ukumbi ukalipuka! Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mimi nimesimama na kontrola, masikio yanaungua.

Mnene akafuta machozi ya kicheko. "Sheria ni sheria, kaka. Inabidi nikuondoe. Lakini nani basi aliyemuua?"

Nilimgeukia baba mkwe ili nimwombe radhi. Nikamkuta kainamia simu yake, anaandika kwa kidole kimoja, polepole, ulimi umetoka kidogo.

Akabonyeza. Simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja, na yangu pia.

Dakika Tano: "Mtahiniwa amekiri mwenyewe kabla ya kukamatwa. Asiondolewe. Alama: hamsini na moja kwa mia."

Nikaisoma. Nikamwangalia mzee. Nikaisoma tena.

"Baba! Ni wewe?"

"Kila mtihani nilikuwa nawatangazia zimebaki dakika tano," akasema, anarudisha simu mfukoni. "Nilipostaafu vidole vikaanza kukakamaa. Binti yangu akaninunulia mashine ya gemu kama yako, niwe navifanyisha mazoezi. Nikamwomba asikuambie. Nilitaka kumsoma mtu aliyemchukua mwanangu wakati yeye anadhani simsomi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikuachia karatasi ya majibu mezani, nikaingia chumbani kukoroma."

"Hukuwa umelala?"

"Mwanangu, msimamizi halali."

Mnene alikuwa ameshapiga magoti anaomba amwinue mzee juu. Watu wanashangilia, wanataka picha naye. Mimi nimeduwaa palepale, kichwani nahesabu mara zote nilizomtukana Dakika Tano mtandaoni, zikafika arobaini nikaacha kuhesabu.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Karibu na geti ndiyo nikapata ujasiri.

"Baba, hamsini nimeielewa, ni ya kukiri. Ile moja ni ya nini?"

Akasimama. Akanirekebisha kola ya shati, nilikuwa nimeivaa imepinda.

"Hiyo ni ya binti yangu," akasema. "Anakupenda. Sikuwa na pa kuiweka."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki getini nafuta macho, nikisingizia vumbi.

Mlinzi wa Daraja naipa kumi kwa kumi. Mapigano yake hayataki hasira, yanataka utulie umtazame mwenzako. Sijaimaliza bado, safari hii nitaandika nikiimaliza mwenyewe.

Na wewe unayesoma hii, shika langu hili. Ukikuta jitu limekufa sebuleni kwako na hukuliua wewe, weka simu chini, nenda kagonge chumba cha wageni useme asante. Na ukisikia baba mkwe anakoroma mchana kweupe mpaka vikombe vinagongana, kaa wima, angalia karatasi yako mwenyewe. Mtihani umeshaanza.