Mikono Iliyobaki Kwenye Picha

"Sema tena," madam akaniambia, "na safari hii tabasamu."

Ilikuwa mara ya nne. Asubuhi hiyo, nyumbani kwake Riyadh, alikuwa ameisimamisha simu yake kwenye miguu mitatu ya chuma katikati ya sebule, amenifunga leso mpya ambayo mimi kwetu sifungi, na amenipa picha niishike kifuani. Nilitakiwa niseme kwa Kiswahili kwamba mimi, kitukuu wa wafanyakazi wa shamba, naushukuru ukoo wa mzungu yule wa kwanza kwa kazi, shule na dawa walizowapa wazee wangu. Video ingeonyeshwa Ulaya, kwenye karamu ya ukoo wao, siku ya kuzindua kitabu alichoandika madam mwenyewe kuhusu baba wa babu yake, aliyeshuka melini na jembe la maksai akaja kulima ngano kwetu mlimani. Nikisema vizuri, ningepata karatasi ya kutoka nchini. Ningerudi kwa mtoto wangu.

Ndipo nikaiangalia ile picha. Mtoto mchanga wa kizungu, gauni jeupe refu. Mbwa wawili pembeni. Na chini ya mtoto, mikono miwili myeusi imemshika, imeishia kwenye viwiko. Mwili hakuna. Kichwa hakuna. Chini yake yamepigwa chapa majina matatu: la mtoto, na ya mbwa wote wawili.

Mikono ile ni ya mama wa nyanya yangu. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeiona picha hiyohiyo ikiwa nzima, ana kichwa, ana kitambaa, amekunja uso kwa jua.

Kopo la vifaa vya kushonea lilikuwa kwenye kochi. Nikachukua mkasi, nikakata polepole nikiufuata mzunguko wa vidole, madam ameduwaa, simu inarekodi. Kisha nikamtupia picha iliyobaki magotini.

"Huyo hapo mtoto wenu, na mbwa wenu. Mikono naenda nayo."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Ulikuwa unataka kwenda kwenu?" akasema. "Sasa huendi. Mafi safari, hakuna safari. Utaoza hapa."

Majina sitayataja. Kitabu chake kina jina la kila mbwa, kila farasi, hadi fahali aliyepata zawadi kwenye maonyesho. Wazee wangu mle ni "yaya", "mpishi", "vijana wa shamba". Basi na hapa kwangu hakuna atakayepata jina. Aonje kuwa "madam" tu.

Wala usidhani tulikutana kwa bahati. Alimwambia ajenti wa Nairobi anataka msichana kutoka kwetu, karibu na lile shamba, kwa sababu anaandika historia. Kwetu kila boma lina mtu aliyemlimia mzungu yule, kwa hiyo ajenti hakutafuta mbali. Madam aliolewa na mwanamume wa Jeddah anayefanya kazi Riyadh. Huyo ndiye kafili wangu, mdhamini wa viza yangu, sisi wafanyakazi tulimwita baba, mtu mpole anayesaini kile mke wake anachomwekea mezani.

Nilimwacha binti yangu kwa mama akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, bado ananyonya. Wiki ya kwanza Riyadh maziwa yalikuwa yananitoka yenyewe kila mtoto wa madam akilia. Madam akaliona gauni limelowa, akasema, "Chafu. Badilisha." Hilo "chafu" alilisema kwa Kiswahili. Alikuwa na maneno kama kumi na manne, aliyorithi kwa babu yake: lete, toa, pika, haraka, nyamaza. Yote amri. Asante hakurithishwa. Nikaenda bafuni nikayakamulia kwenye sinki mpaka yalipokauka.

Mchana mtoto wake akilala ananiketisha mezani jikoni, anawasha kinasa sauti, ananiuliza kwa Kiingereza.

"Wazee wako walisema alikuwa mkali lakini mwenye haki?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Alichapa kila mtu sawasawa."

Akaandika: mwenye haki. Nilimwona kwa macho yangu.

Kitabu kinasema alikuta ardhi tupu. Nyanya yangu alinisimulia kwamba siku mzungu anafika, shamba lilikuwa na viazi vitamu, maksai wake wakaingia wakavila siku tatu mfululizo, yeye amekaa kwenye gari lake la kukokotwa anasafisha bunduki. Kweli ilikuwa tupu, baada ya siku tatu. Kitabu kinasema aliwaruhusu wenyeji kuishi kwake. Walikuwa wanaishi pale kabla yake, halafu wakawa wanalipia kwa kumvunia ngano, na mwaka ambao ng'ombe wao walizidi hesabu aliyotaka, aliwaua waliozidi mbele ya wenyewe, akakataza nyama isiliwe. Hayo nilimwambia madam pia. Alizima kinasa sauti, akasema tupumzike.

Moja sikumwambia, la mama wa nyanya. Nililificha kwa sababu lilikuwa letu. Kisha siku moja akanituma kupangusa vumbi kwenye kopo la bati analowekea picha za ukoo. Pasipoti yangu ilikuwa humohumo, katikati ya picha za wafu wake. Chini ya pasipoti nikaikuta ile picha. Nyanya alikuwa amenieleza kila kitu, kitambaa, mbwa, gauni refu, kwa sababu mama yake alimweleza. Nikajua.

Muda mfupi baadaye tukashuka Jeddah kumsalimia mama mkwe wake. Anakaa Ruwais, nyumba ya zamani, mwanamke mzito mwenye macho madogo asiyesahau kitu. Hajawahi kumpenda madam, mkwewe, hata siku moja, na halifichi. Baada ya chakula cha mchana madam akafungua tarakilishi aonyeshe kurasa za kitabu, baba anatafsiri, mama mkwe anatafuna mbegu za tikiti na kupiga miayo. Mimi nazunguka na birika la kahawa. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa kimempita madam mbali. Sokoni nani angezungumza nami Kiingereza?

Picha ikatokea, ikiwa nzima.

"Huyu mwanamke ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni yaya tu," madam akasema.

"Ni mama wa nyanya yangu," nikasema kwa Kiarabu. "Alimnyonyesha huyo mtoto."

Kutafuna kukakoma. "Alimnyonyesha kwa titi?"

"Kwa titi. Mama yake mzungu alikuwa na homa, maziwa yakakauka."

"Mara ngapi?"

"Kila alipolia. Mwaka na zaidi."

Mama mkwe akanyoosha vidole vitano, akavikunja kimoja kimoja. "Tano zinatosha," akasema. "Halas. Mtoto huyo ni mwanawe." Kwao anayenyonya kwa mwanamke amekuwa mtoto wa nyumba ile, na waliozaliwa mle ni ndugu zake, wala hakuna wa kuuvunja undugu huo. Akamgeukia mwanawe. "Mtoto huyo ni nani kwa mkeo?"

"Babu yake," baba akasema taratibu.

"Basi huyu aliyeshika birika ni dada wa mkeo."

"Anasema nini?" madam akauliza. Baba akakohoa, akamwambia. Madam akacheka, kicheko kile cha puani. "Babu yangu alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Imeandikwa, sura ya tatu."

Ningeweza kunyamaza hapo. Sikutaka. Nilijua panapouma nikapabonyeza, na sitaki kudanganya, niliona raha. Niliwaambia kwamba mama wa nyanya alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa mwezi mmoja, wa kiume. Kwamba kabla ya kila kunyonyesha alisuguliwa kifua kwa sabuni ya kuogeshea mbwa. Kwamba alikatazwa kumpa titi mtoto wake, wasije wakagawana. Wa kwake aliachwa kibandani na uji wa mtama, akafa kabla mvua za masika hazijaisha. Mama wa nyanya alipewa nusu siku ya kuzika. Mchana akaitwa, mtoto wa mzungu alikuwa analia njaa. Baadaye akapewa blanketi. Niliyasema yote nikimimina kahawa, na sikumwaga hata tone.

"A'udhu billahi," mama mkwe akasema. "Mmekula maziwa ya mtoto mpaka akafa." Kisha macho yale madogo yakang'aa, nikaona amepata fimbo. "Mwambie dada yako alete sukari. Mbona dada yako hajakaa? Kwenu dada mnawavalisha aproni?"

Usifikiri alinionea huruma. Dada, dada, lakini hakuna aliyesogeza mto niketi. Nilibaki nimesimama na birika langu.

Madam akainuka. "Dada yangu?" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mkataba wake umekwisha miezi mitano sasa, na bado yupo. Ataondoka kitabu kikiisha, nikitaka mimi. Mwambie mama yako hivyo!"

Baba hakutaka kutafsiri. Mama yake akamlazimisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudia polepole kama anayeweka akiba: "Miezi mitano. Akitaka yeye."

Tuliporudi Riyadh nililipia siku ile. Simu akaichukua, akawa ananipa Ijumaa tu, dakika kumi, amesimama mlangoni. Chakula nikawa nakula baada ya paka wa jirani kupelekewa mabaki. Hayo niliyavumilia. Lakini Ijumaa moja mama yangu akamwambia binti yangu, "Salimia mama," nami nikasikia ile sauti ndogo vizuri kabisa:

"Huyo si mama. Huyo ni anti wa simu."

"Mama ni nani?"

"Wewe."

Mama yangu akacheka ili nisilie. Madam mlangoni akagonga saa yake. "Yalla."

Siku chache baadaye akaniambia habari za video. Dakika mbili za shukrani, na baba atatoa karatasi ya kutoka. Nilikubali. Ndiyo, nilikubali, usinitazame hivyo. Kwa sauti ile ningemsifu hata shetani. Nilikariri maneno yote nikifua. Nilisema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama angenipa picha nzima niishike, ningesema na ya nne, nikatabasamu, leo usingekuwa unasoma haya. Yeye alikuwa amemkata kichwa. Mbwa akawaacha. Alikata kwa sababu ya Ruwais, asiulizwe tena yule mwanamke ni nani.

Alipokimbilia chumbani kumpigia baba, nikachukua mkoba wangu, ikama yangu, yaani kibali cha kuishi nchini, na ile mikono ya karatasi. Pasipoti ilikuwa imefungiwa. Uani dereva wao, Mkenya mwenzangu, mtu mzima, alikuwa anaosha gari.

"Kelele za nini huko?"

"Nimemkatakata babu yake."

"Woi! Na si juzi tulisikia mmekuwa ndugu? Nilikuwa nakuja kukuomba unisemee niongezwe likizo."

"Nipeleke ofisi ya kazi. Akiwahi kuripoti kwamba nimetoroka, nimekwisha."

Akapiga kitambaa chake kwenye ndoo, akatazama dirisha la juu. "Dada, mimi nina watoto watatu kwenye shule ya kulipia. Nitakupeleka sokoni Batha ununue vitunguu. Ukishuka, mimi sijui."

"Vitunguu kilo ngapi?"

"Mbili. Wakiniuliza nitasema ulipotelea kwenye vitunguu."

Batha akanishusha kwenye maduka ya kutuma pesa, akaondoa gari kabla sijafunga mlango vizuri. Simlaumu. Pia simsamehe. Nikachukua teksi.

Ofisini, nyuma ya kioo, alikaa msichana wa umri wangu, macho tu yanaonekana. Aliniambia nieleze kwa ufupi, mambo ya kazi, hadithi za ukoo hapana. Nikaeleza, akawa anachapa. Nilipofika mwisho akaacha kuchapa.

"Hili la picha si la kazi."

"Alikuwa kazini," nikamwambia. "Alipopigwa hiyo picha alikuwa kazini."

Alinitazama, akatazama ile mikono niliyoiweka juu ya kaunta, akachapa. Kisha akanisomea yote kabla sijatia sahihi. Kwa Kiswahili ni hivi:

Mlalamikaji ni mfanyakazi wa nyumbani, Mkenya. Mkataba wangu wa miaka miwili uliisha miezi saba iliyopita na sikuomba kuongezewa. Mke wa kafili amenikatalia kutoka nchini mpaka nirekodiwe nikiusifu ukoo wake. Pasipoti yangu imo kwenye kopo la bati la picha, kabati la chumba chao cha kulala, rafu ya juu. Sijatoroka. Nimekuja hapa mwenyewe leo kabla ya adhuhuri, moja kwa moja kutoka kazini. Shahidi wangu ni mama mkwe wake, mkazi wa Ruwais, Jeddah, aliyeambiwa kwamba mkataba umekwisha na kwamba nitaondoka atakapotaka mke wa kafili. Aulizwe, atasema bila kulazimishwa. Naomba nirudishiwe pasipoti. Naomba ruhusa ya kutoka na tiketi ya kurudi kwa mtoto wangu, mwenye umri wa miaka mitatu na miezi tisa. Naomba pia nipewe picha nzima, yenye kichwa.