Vileja vya Iddi Pili

Binti yangu alikuwa na miaka sita na hajawahi kumwona bibi yake mzaa baba. Sisi tulikaa Mapinga, bibi akikaa Bagamoyo mjini, si mbali hata kidogo, lakini tangu niachike mlango ule ulifungwa kwetu. Mimi ni mtu wa Lugoba, kule shamba, na mama mkwe hakuwahi kunisamehe kuolewa na mwanawe kimyakimya. Ramadhani ile nikajishusha, nikampigia simu, nikamwambia mtoto anamuulizia. Akasema nimlete Iddi pili, baada ya alasiri, amwone.

Mtoto akapata wazimu. Alitaka ampelekee bibi kitu alichokitengeneza mwenyewe, tena kizuri kiasi kwamba bibi amwite tena mwakani. Alilisema hilo waziwazi, kila siku, huku akinifuata jikoni na uani. Nikamwambia basi, tutapika vileja.

Sina oveni. Nina sufuria kubwa ninayoitandika mchanga uliooshwa na kukaushwa, sinia ndogo ya kukaa juu yake, na makaa ya kupalia kwenye mfuniko. Nilikanda unga wa mchele kwa samli, sukari niliyoisaga, iliki, yai na matone ya maji ya waridi. Kazi yake ilikuwa kuviringa madonge na kuyapiga chapa kwa visoda alivyookota kwenye kibanda cha soda. Tulivichemsha kwanza. Ukikikandamiza kisoda juu ya donge kinaacha duara lenye meno, na ukigusisha ukingo tu unapata ua la namna fulani.

Donge lake la kwanza lilitoka kama sikio. Nikamwambia hivyo, maana sisifii kitu kibaya eti kwa sababu kimetengenezwa na mtoto. Akalifinyanga upya. Mkupuo wa kwanza uliungua chini, tukaula wenyewe. Wa pili ulitoka mweupe, ukimeguka wenyewe mdomoni, na mimi ambaye sipendi kusifia nikala viwili mfululizo.

Boksi lilikuwa la viatu. Alilibandika karatasi za pipi kwa gundi ya uji wa ngano, akakata dirisha kwenye mfuniko, nikamshonea hapo nailoni ya mfuko wa mkate. Pembeni ya dirisha alichora watu wawili walioshikana mikono, mmoja mkubwa asiye na shingo. Huyo ndiye bibi. Njia nzima kwenda Bagamoyo alilipakata kwa mikono miwili, akijizoeza shikamoo kwa sauti ndogo.

Tulikuta sebule imejaa. Wakwe wapya wa baba yake mtoto, watu wa Dar wenye nafasi zao, walitakiwa waondoke adhuhuri, wakanogewa. Hao hawakuwahi kuambiwa kwamba mkwe wao alishaoa mahali pengine na kuzaa. Watoto wa majirani walikuwa wakiingia kupeana mkono wa Iddi, wanabusu mikono ya wakubwa, wanapewa pipi, wengine wamekaa mkekani wanakunywa juisi. Mama mkwe aliponiona mlangoni uso ulimkauka. Akamtazama mtoto, akatazama wageni.

"Shikamoo bibi," binti yangu akasema, vizuri kabisa.

Akaitikia marahaba, akatoa mkono ubusiwe kama alivyowatolea wale wengine. Alilipokea boksi, akalifungua bila kuuangalia mfuniko, akavipanga vileja kwenye sahani ya kaure na kuipitisha kwa wageni. Boksi akalisukuma kwa mguu chini ya kochi. Wageni wakala, wakasifu. Mama mmoja akauliza huyu fundi mdogo ni mtoto wa nani.

"Mtoto wa jirani," akajibu mama mkwe, wala hakupaliwa. "Watoto wa mtaa huu wana adabu sana."

Baba yake mtoto alikuwa amekaa palepale ubavuni mwa mkewe, kileja mdomoni. Aliendelea kutafuna.

Nilimchukia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na hasira yangu haina breki. Nikaingia na viatu juu ya mikeka yake. Nikaichukua sahani, nikapita nayo kwa kila mgeni, na aliyekuwa na kileja mkononi nilisimama mbele yake mpaka akakirudisha. Mzee mmoja alirudisha nusu iliyong'atwa, nikaipokea. Nilipofika kwa mtalaka wangu sikunyoosha hata mkono.

"Hicho umeshakitafuna, kimeze," nikamwambia. "Amekipika mwanao."

Mkewe akamgeukia polepole. Mama mkwe akaanza kuleta istighfari. Nilivuta boksi kutoka chini ya kochi, nikamimina vileja humo, sahani nikaiacha sakafuni, nikamshika mtoto mkono tukatoka. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nilitembea nikiziwaza zile nyuso na nikacheka peke yangu barabarani.

Mtoto akauchomoa mkono wake. Hakuwa analia. Alisimama mbali nami kidogo, gauni lake jipya limejaa vumbi chini, akaniambia nimeharibu, sasa bibi hatamwita tena.

Nikainama nimweleze. Nikamwambia yule bibi amemkana mbele za watu, amesema yeye ni mtoto wa jirani, na mimi sikuweza kulivumilia hilo.

"Nilisikia," akasema. "Watoto wa jirani walikuwa wamekaa ndani. Na mimi ningekaa nao."