Msichana Aliyengoja Kupitishwa

Namhimidi Mwenyezi Mungu, anayefungua vifua vya waja wake kama anavyoifungua kila asubuhi, wala hachoki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kwa upole. Baada ya hayo, nataka kusimulia jambo ambalo kila nikilikumbuka siwezi kukaa kitako; hunyanyuka nikazunguka ukumbini peke yangu, wajukuu wakauliza bibi ana nini.

Nimesomesha skuli hapa Pemba tangu usichana wangu, na jioni nikisomesha madrasa uani kwetu. Nilipostaafu nilidhani nitasuka ukili wa mikeka na kuvuta tasbihi basi. Mola akataka vyengine. Chuo cha wananchi cha Chake Chake, wanakosomea vijana waliomaliza sekondari fani za afya, kilimo na ufundi, kiliniomba niwe nakwenda asubuhi kukaa na wanafunzi wapya, niwasaidie kupanga masomo yao. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Mpaka leo mvua ikinyesha kinanuka udongo, nami nakipenda hivyo hivyo.

Wiki ya mwanzo ya muhula naipenda kama watoto wapendavyo kuamkia Sikukuu. Wanakuja na mabegi mapya, viatu vimewabana, kila mmoja na lake. Mwaka ninaousimulia alikuja kijana mmoja mrefu kutoka Makangale, akainamisha kichwa mlangoni.

"Bibi, miye nataka ratiba ya kulala tu."

"Hiyo umeshaipanga mwenyewe, mume wangu. Naiona machoni."

"Yakhe, umeshapata mke na posho hujapokea!" wenzake wakampigia kelele.

Utani huo ndio mlango wangu. Kijana akishacheka, atakwambia anachokiogopa. Kisha tunaanza kazi. Nawaambia wafanye kama wanavyofanya wakulima wa mwani: kwanza unakita vigingi, ndipo ufunge kamba. Vigingi vyetu ni swala tano, havihami. Baada ya Alfajiri akili ni mbichi, hapo funga somo linalokutisha. Baina ya Adhuhuri na Alasiri mwili unataka kulala, hapo funga kazi ya mikono. Wengi hawajapata kuiona siku yao imetandazwa mbele yao namna ile, na huiangalia kama mtu aliyeoneshwa shamba akaambiwa ni lako.

Siku hiyo hiyo aliingia msichana wa Micheweni, aliyechaguliwa kusomea afya. Alikaa ukingoni mwa benchi kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke. Mama yake analima mwani, na akaniomba tusifunge kitu kwenye mwisho wa wiki za bamvua, maji yanapotoka mbali, kwani atakuwa pwani akimsaidia. Nilifurahi. Ratiba yake ilikuwa safi kuliko zote za siku ile, nikamuombea dua na nikamhesabu miongoni mwa wasionihitaji tena.

Muhula ulipokaribia nusu, mkufunzi wake alikuja stooni kwangu. Ni kijana niliyemsomesha mwenyewe alipokuwa hajui kufunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Yule binti wa Micheweni amenishinda. Nimetoa jaribio. Swali la kwanza kalijibu kama kitabu chenyewe. Yaliyobaki karatasi nyeupe, hakugusa. Na mtihani wa nusu muhula ndio huo unakuja."

Sheria ya chuo nilikuwa naijua. Mwanafunzi mpya akianguka mtihani ule, huacha nafasi yake na kurudi nyumbani mpaka mwakani.

Nikamwita yule binti. Alikuja akasimama.

"Kaa, mjukuu wangu. Umesikia habari ya mtihani?"

"Nimesikia, Bibi." Kisha yakamtoka kwa pamoja. "Nikirudi mwaka huu sirudi tena huku. Nitaingia pwani na mama, na aliyeingia pwani hatoki. Mama ndiye aliyesema niende, ami zangu walimcheka. Wakisikia nimerejeshwa watamcheka mpaka kufa kwake."

Nikamwambia lile ninalolijua. "Nisomee somo la kwanza."

Akaweka mikono juu ya magoti, akateremsha macho, na mwili ukaanza kupepesuka taratibu, mbele na nyuma. Akasoma kwa moyo somo zima la seli za mwili wa binadamu kwa Kiingereza, halina kovu. Hata palipoandikwa watu watazame mchoro ulio chini, alipasoma kwa heshima ile ile.

"Mashaallah. Na la pili?"

"Bado."

"Limekushinda?"

"Sijalifungua."

"Kwa nini hujalifungua?"

Akaniangalia kwa mshangao, kama niliyemuuliza kwa nini hakuswali Magharibi mchana.

"Sijapitishwa, Bibi."

Msomaji asiyelelewa kwetu huenda asijue. Katika madrasa zetu mtoto hupewa somo lake, akaenda nalo nyumbani, akarudi nalo akakaa mbele ya mwalimu. Mwalimu humsikiliza. Likiwa halina makosa humwambia, "Endelea," na hapo ndipo anapofungua linalofuata. Asipoambiwa, hageuzi ukurasa hata kama upepo umemgeuzia, huurudisha. Sisi wenyewe ndio tuliowalea hivyo, na ni malezi mema.

"Na mkufunzi hajakusikiliza?"

"Nilimfuata mwisho wa wiki ya mwanzo, nikasimama mlangoni na kitabu. Akaniuliza, 'Vipi, una tatizo?' Nikamwambia sina. Akasema, 'Vizuri,' akaondoka. Nikajua siku yangu bado."

Nilicheka, na machozi yakanitoka, na yeye akababaika asijue acheke au alie. Niliona raha isiyo kifani! Nilikuwa nimeogopa kuwa akili yake haikulimudu somo, kumbe akili ilikuwa imekaa kitako kwa adabu, ikingoja kuruhusiwa. Nilisimama nikafungua dirisha, maana chumba kilikuwa kimekuwa kidogo.

Lakini kumwambia "geuza" hakukutosha. Nilimwambia afungue somo walilofika wenzake siku ile, akatikisa kichwa. Atalifunguaje, na katikati mna mengi hajayapita? Nikamsemesha huku na huku, wapi! Ndipo Mola akanitia neno mdomoni.

"Hebu nambie. Umekwenda kuswali jamaa, ukachelewa. Umemkuta imamu yuko rakaa ya tatu. Utafanyaje?"

"Nitaingia."

"Hutongoja mlangoni aanze upya?"

"Hasha! Naingia pale pale alipo, namfuata. Akitoa salamu nanyanyuka, nalipa zilizonipita."

Kisha uso ukamfunguka pole pole, nikauona ukifunguka, na wallahi sijui kama kuna tamu ya dunia inayopita hiyo.

"Kwa hiyo naingia alipo," akasema.

"Ingia alipo. Na zilizokupita utazilipa."

Tukazifunga upya kamba zake. Baada ya Alfajiri, somo la darasani la siku ile. Baada ya Alasiri, somo moja la deni. Ila kusikilizwa sikukuondoa, kwani aliyezoea kusikilizwa ukimwacha peke yake ni kama kumnyang'anya mkongojo. Nikamtafutia mwenzake, msichana wa hapa hapa Chake wa darasa lake, mwenye mdomo usiokauka.

"Huyu ndiye wa kunisikiliza?" aliuliza wa Micheweni alipomuona.

"Kwani masikio yangu ya mbao?"

"Weye umefika wapi?"

"Miye nishamaliza kitabu!"

"La kwanza linasemaje?"

Wa Chake akatazama dari. "Linasema... habari za mwili."

"Mwili wa nani? Wa kuku?"

Nikajua nimepata pea. Mmoja alikuwa hageuzi, mwengine alikuwa hafanyi jengine ila kugeuza. Nikawawekea sharti. Kitabu kifungwe. Somo lisemwe kwa Kiswahili cha nyumbani, kama unamwambia mama yako huku mnafunga mwani. Msikilizaji aulize swali moja la kweli. Likijibiwa, ndipo aseme, "Endelea." Siku za mwanzo, yule wa Micheweni alisema maneno matatu akakwama, kwani kukariri na kueleza ni kazi mbili, na ile ya pili hakuna aliyemfundisha. Mwenzake alimcheka, naye siku ya pili akamcheka mwenzake. Haikuchukua muda wakaja na wengine wawili wawili. Yule mrefu wa Makangale naye akaja, akasema amekuja kumuangalia mkewe. Stoo ya majembe ikawa inavuma kama madrasa, mpaka mtunza maktaba wa chumba cha pili akaja kutuuliza kama ni maulidi au masomo.

Bamvua lilipofika yule wa Micheweni alikwenda kwao. Aliporudi alinijia kabla hajaweka begi.

"Bibi, nimemwambia mama habari za damu. Tulikuwa majini, kamba mkononi. Nimemweleza moyo unavyosukuma. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, 'Ikishafika kwenye kidole cha mguu, inapandaje kurudi juu, nayo ni maji?' Akanambia, 'Basi sikupitishi. Nenda kaulize.'"

Na akauliza. Yeye, aliyekuwa akisimama mlangoni na kuondoka, alinyanyua mkono darasani mbele ya watu wote. Mkufunzi alikuja kwangu karibu kukimbia.

"Mwalimu, kauliza! Na swali lenyewe ndilo nililotaka kulisomesha wiki ijayo, vile vilango vidogo ndani ya mishipa vinavyoizuia damu isiteremke. Nimeacha nililokuwa nalisomesha, nikaliingia hilo. Darasa zima limeamka!"

Mtihani ukaja. Siku yenyewe sikwenda chuoni. Nilikaa mswalani kwangu tangu jua kuchomoza, na ukili haukusukika hata kidogo.

Matokeo yalipobandikwa, nilisikia kishindo cha miguu barazani kabla sijamuona mtu. Waliingia wote wawili. Wa Micheweni alikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtoto aliyemaliza juzuu anapompelekea mwalimu wake. Nilipofunua nikakuta visheti, na pengo kubwa upande mmoja.

"Vyengine vimeliwa njiani," akasema.

"Si vimeliwa, sema vimeliwa na nani!" wa Chake akadakia, kinywa kimejaa sukari. "Bibi, tumefaulu! Hesabu za dawa huyu kafaulu kwa tundu ya sindano, lakini kafaulu. Na miye Kiingereza usiniulize."

Nikamgeukia yule wa Micheweni. Nikamwambia, "Mama yako ameshajua?"

"Nimempigia simu. Nimemweleza na vile vilango vya damu." Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona akicheka kwa meno yote. "Kasema, 'Endelea.'"

Nikataka na mimi nimwambie neno hilo, kwani ndiyo haki ya mwalimu. Lakini nilipoangalia begi lake niliona kitabu kimechomoza, na utepe wa kuwekea alama umeshavuka yale ya mtihani na kuingia mbele, kwenye somo ambalo hajapewa na mtu. Basi nikala kisheti changu.

Kila muhula unapofunguliwa, kabla ya vigingi na kamba, sasa nawauliza wapya nini anafanya aliyechelewa swala ya jamaa. Wanajibu wote kwa sauti moja, maana hakuna asiyejua. Nami nawaambia, mkijua hilo, mmeshajua nusu ya chuo.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akukute popote ulipochelewa, akuingize kwenye safu na wenzako, akupe subira ya kulipa yaliyokupita, na akujaalie mtu wa kukusikiliza. Akurehemu wewe na aliyekwambia nenda wakati wengine wakicheka. Amin.